Ilitengenezwa Lini, Iliingia Lini

Mafundi wa Finland walipounda bunduki ya M39 mwaka 1942 hawakuanza na chuma kipya. Maghala yao yalikuwa yamejaa Mosin-Nagant za Kirusi, nyingine zilizoachwa na jeshi la mfalme wa Urusi, nyingine zilizotekwa vitani, nyingine zilizonunuliwa huku na kule Ulaya. Walichukua kile kipande cha chuma ambamo mtutu hukazwa na bolti huteleza, ambacho wenye fani hukiita risiva, wakakifungia mtutu mpya na kitako kipya, kisha wakagonga juu ya mtutu mwaka wa kazi yao pamoja na herufi SA ndani ya kisanduku, chapa ya jeshi la Finland. Ukiipokea leo mkononi, macho yanakuambia 1942. Sasa legeza skrubu mbili, toa chuma kwenye mti wake, kigeuze, utazame ule ulimi wa nyuma uliokuwa umezama kwenye kitako. Futa grisi iliyoganda. Kuna mwaka mwingine pale, umegongwa Tula, Izhevsk au Sestroretsk, na bunduki ikiwa imefungwa hakuna anayeuona. Huenda ukawa 1915. Huenda ukawa 1896.

Nchini Marekani tofauti ya miaka hiyo miwili haiwahusu wanahistoria peke yao. Sheria ya Udhibiti wa Bunduki ya 1968 inasema bunduki iliyotengenezwa mwaka 1898 au kabla yake ni ya kale, na ya kale haihesabiwi kuwa silaha katika sheria hiyo ya shirikisho. Majimbo yana ya kwao, na yapo makali. Kwa kuwa umri unaohesabiwa ni wa risiva, M39 yenye 1896 chini ya ulimi ni ya kale hata kama mtutu wake ni wa Vita Kuu ya Pili na risasi zake za milimita 7.62 zinauzwa madukani mpaka leo. Mwenzake wa 1915, aliyetoka karakana ileile na anayeua vilevile, anadaiwa karatasi zote. Unaweza kuuona ni upuuzi, nami siutetei. Lakini ndivyo sheria ilivyoandikwa, na anayenunua au kuagiza bunduki za kukusanya asipoijua atajikuta forodhani akieleza mambo ambayo afisa hakumuuliza.

Wengi huteleza hapo. Watu hudhani kuna jibu moja la swali "bunduki hii ni ya wapi na ya lini", na kwamba likipatikana sheria itafuata yenyewe. Mimi nashauri kinyume chake. Anza na sheria, ujue inauliza nini, maana kila nchi ina swali lake. Ndipo uende kwenye chuma kutafuta jibu la swali hilo. Mihuri mingine yote ni ya hadithi na ya bei.

Chukua bunduki ambayo wazee wa Tanganyika waliijua kuliko walivyotaka kuijua: Mauser ya mwaka 1871. Ni ya risasi moja moja, yenye mtutu wa milimita 11, inayotumia baruti nyeusi na kutoa wingu la moshi linalomtangaza mpigaji kwa kila adui aliye mbele yake. Jeshi la Ujerumani huko kwao lilikuwa limeshaiacha zamani, lakini askari wa Schutztruppe, jeshi la kikoloni la Wajerumani, waliibeba wakati wa Maji Maji, na wengi wao walikuwa nayo bado katika mapigano ya Tanga, Novemba 1914. Bunduki hizi ziko leo katika nyumba za wakusanyaji duniani kote. Swali ni je, kisheria ni kitu gani?

Marekani inauliza risiva ilitengenezwa lini. Viwanda vya Ujerumani viliitengeneza katika miaka ya 1870 na 1880, kwa hiyo ni ya kale, mjadala umekwisha. Ufaransa haiulizi chuma kilitengenezwa lini, inauliza mfano wa bunduki ni wa mwaka gani: ukiwa wa kabla ya Januari 1, 1900, na haumo katika orodha ya mifano iliyotengwa kwa hatari yake, bunduki ni ya mkusanyaji. Mauser 71 inapita. Afrika Kusini, katika sheria yake ya mwaka 2000, inauliza baruti inaingilia wapi: ya kale ni ile tu inayoshindiliwa kwa mdomo wa mtutu na iliyotengenezwa kabla ya 1900, au nakala yake. Mauser 71 inapokea risasi kwa nyuma, basi si ya kale. Na Ujerumani yenyewe, nchi iliyoizaa? Huko sheria inatazama namna ya kuwasha baruti na mwaka ambao mfano ulibuniwa. Za utambi, za gumegume, za sindano, na za fataki zenye mtutu mmoja na risasi moja, ikiwa mfano ni wa kabla ya Januari 1, 1871, mtu mzima anaruhusiwa kuwa nazo bila kibali. Mauser 71 ni ya risasi ya ganda, na jina lake tu linakuambia imechelewa. Bunduki ambayo mkazi wa Ohio anaitundika ukutani bila kumwambia mtu, mjukuu wa afisa aliyekuja nayo Dar es Salaam anahitaji kibali kuishika.

Waingereza wana swali lao, nalo ndilo linalonivutia kuliko yote. Kanuni zao za bunduki za kale, zilizoanza kutumika Machi 22, 2021, zinataka iwe imetengenezwa kabla ya Septemba 1, 1939, na kisha zinatazama risasi: ganda linalolingana na bunduki hiyo lazima liwe katika orodha ya maganda yaliyokwisha kuachwa. Orodha hiyo si maandiko matakatifu. Siku kanuni zilipoanza, maganda saba yaliondolewa, yakiwemo ya bastola za .44 Smith & Wesson Russian na .41 Colt, kwa sababu wahalifu walikuwa wakizitafuta bastola hizo na kuzitengenezea risasi. Mtu aliyelala na kitu cha kale akaamka na silaha inayohitaji cheti, na akapewa miezi sita ya kujipanga. Zaidi ya hapo, sheria yao ya 1968 inatazama nia: bunduki ya kale inasamehewa ikiwa imewekwa kama pambo au kitu cha ajabu. Ukinunua na risasi zake ili ukaipige, msamaha umeuondoa kwa mikono yako mwenyewe.

Kwa hiyo mtu akiniambia ana "bunduki ya kale yenye hati zote", namuuliza hati za nchi gani.

Tuingie sasa kwenye chuma chenyewe, tuanze na tarehe, maana hapo ndipo msomaji wa Kiswahili ana nafasi ya kuwa hodari kuliko Mzungu. Bunduki za Mauser zilizotengenezwa Oberndorf kwa ajili ya dola ya Uthmaniya zina maandishi ya Kituruki cha zamani, kwa herufi za Kiarabu, na mwaka kwa tarakimu za Kiarabu. Aliyesoma chuoni utotoni ataisoma ١٣١١ bila shida. Tatizo ni kwamba dola ile ilikuwa na kalenda mbili. Moja ni ya Hijria, ya mwezi, tunayoijua kwa Ramadhani na Maulidi. Nyingine iliitwa Rumi, ya jua, iliyotumika katika hazina na jeshi, ambayo ukiiongezea 584 unaupata mwaka wa Kizungu. Mwaka 1311 wa Hijria ulianza 1893. Wa Rumi ni 1895. Kwa Marekani yote mawili ni ya kale, hakuna ugomvi. Lakini piga hesabu ya 1315 uone: kwa Hijria ulianza Juni 1897 na kwisha Mei 1898, ndani ya mstari, kwa Rumi ulianza Machi 1899, nje ya mstari. Sheria moja, tarakimu zilezile nne, majibu mawili. Katika hali kama hiyo tarehe haitoshi. Unarudi kwenye namba ya bunduki, aina ya mkataba, na mfano wenyewe, mpaka upate ushahidi wa pili.

Uajemi inaongeza kalenda ya tatu. Katika miaka ya 1930 kiwanda cha Brno cha Chekoslovakia kiliiuzia Iran bunduki nzuri sana za Mauser, ziitwazo 98/29, zenye simba na jua juu ya risiva. Tarehe zake ni za kalenda ya jua ya Iran, inayoongezewa 621. Ukiona ۱۳۰۹ juu yake, hiyo ni 1930. Mtu anayejua Hijria ya mwezi peke yake atapiga hesabu apate 1891, akatangaza kwa furaha kwamba ana bunduki ya kale isiyohitaji karatasi. Kinachomsuta hakipo kwenye tarehe. Bolti ya bunduki hiyo ni ya mfumo wa Mauser wa mwaka 1898, na bunduki haiwezi kuwa ya 1891 ilhali mashine iliyomo ndani yake ilibuniwa miaka saba baadaye. Hiyo ndiyo kazi ya mtambuzi: kuziacha sehemu mbili za chuma kimoja zipingane, kisha kuamua ipi inasema kweli.

Nepal ni kinyume chake. Mwaka 2003 kampuni mbili za Marekani zilinunua shehena ya ghala la kifalme la Lagan Silekhana mjini Kathmandu, lililokuwa na silaha za karne ya 19 kwa tani: Martini-Henry za Kiingereza, na Gahendra, bunduki iliyobuniwa na kutengenezwa na Wanepali wenyewe. Kalenda yao, Bikram Sambat, iko mbele ya yetu kwa miaka 57 hivi. Bunduki yenye mwaka 1944 kwa tarakimu za Kinepali ilitengenezwa 1887. Aliyetafsiriwa tarakimu bila kutafsiriwa kalenda ataiona ya vita dhidi ya Hitler, na ataidai ushuru na vibali isivyodaiwa.

Baada ya tarehe kuna alama za safari, na hizi hudanganya bila mtu yeyote kukusudia uongo. Neno ENGLAND likiwa limegongwa kwenye Lee-Enfield, mgeni wa fani husema: imetengenezwa Uingereza. Si lazima. Forodha ya Marekani ilidai tangu sheria ya ushuru ya 1890 kwamba bidhaa zinazoingia ziandikwe nchi zinakotoka. Baada ya Vita Kuu ya Pili wafanyabiashara wa Uingereza waliuza bunduki za ziada kwa maelfu, zikapitia majaribio ya kisheria Birmingham au London, zikagongwa muhuri wa majaribio na neno ENGLAND, zikapakiwa melini. Miongoni mwake mlikuwemo zilizotengenezwa Lithgow huko Australia, Long Branch huko Kanada, na hata kiwanda cha Savage kilichoko Marekani kwenyewe. Hizo za Savage zina maneno U.S. PROPERTY upande mmoja, kwa kuwa zilikopeshwa Uingereza wakati wa vita, na ENGLAND upande mwingine kwa kuwa ziliuzwa kurudi. Mihuri ya bunduki inafanana na ya paspoti katika jambo moja: inakuonyesha mipaka iliyovukwa, na wodi aliyozaliwa mtu haimo.

Muhuri wa majaribio unastahili neno zaidi. Ubelgiji, Uingereza, Ujerumani na Ufaransa zimekuwa na nyumba za majaribio ambako kila mtutu hupigwa kwa baruti nyingi kupita kawaida kabla ya kuuzwa. Liège ilitumia herufi ELG ndani ya umbo la yai. Tangu 1893 kukaongezwa taji juu yake. Hiyo ni saa nzuri sana kwa bunduki zisizo na tarehe. Taji likiwepo, ni 1893 au baadaye. Lisipokuwepo, na muhuri uwe halisi, ni kabla. Kwa bunduki za biashara zilizokuja Afrika, ambazo wala hazikuwa na namba, mara nyingi hakuna saa nyingine. Na wale Wabelgiji walikuwa na tabia ya kugonga neno TOWER kwenye mtambo wa bunduki ili ionekane ya ghala la kifalme la London, huku ELG ikikaa kimya chini ya mtutu ambako mnunuzi wa Unguja au Bagamoyo asingetazama. Vua mtutu.

Marekani ina alama yake ya uagizaji, na hii inahusu sheria moja kwa moja. Mwagizaji hutakiwa kuchonga jina la kampuni yake, mji na jimbo, nchi bunduki ilikotengenezwa, mfano wake na kipenyo, kwa kina kisichopungua sehemu tatu kwa elfu za inchi. Sheria ya 1968 ilifunga mlango kwa bunduki za ziada za kijeshi. Mwaka 1984 Bunge likaufungua kwa zile zinazotambuliwa kuwa za kumbukumbu, yaani, kwa kawaida, zilizotimiza miaka 50 na kubaki na umbo lake la asili. Umoja wa Kisovieti ulipovunjika, Mosin-Nagant zikamiminika kwa makasha, kila moja na michoro ya mwagizaji. Kutokana na historia hiyo, bunduki ya kijeshi ya karne ya 20 isiyo na michoro hiyo huwa imeingia kabla ya 1968, au ililetwa na askari aliyerudi vitani. Wakusanyaji hulipa zaidi kwa ajili ya kutokuwepo kwa maandishi, jambo ambalo nisingelitegemea katika biashara nyingine.

Ushahidi wa askari nao unaonekana ukijua pa kutazama. Kwenye Mauser ya Kijerumani ya K98k, legeza pete inayoshika mtutu na mti, uisogeze mbele. Ukikuta mstari mwembamba wa msumeno umekata mti mzima na kuungwa tena kwa gundi, hapo kuna kijana aliyetaka bunduki iingie katika begi lake la safari. Alikata mti mahali ambapo pete ingeficha jeraha. Mchongaji wa mihuri ya uongo hufikiria herufi na tai. Mara chache hufikiria msumeno.

Lile sharti la umbo la asili limewaponza wengi. Bunduki nyingi za vita zilinunuliwa na wawindaji katika miaka ya 1950, wakapunguza mti, wakakata mtutu, wakaweka darubini. Kuanzia hapo haihesabiki tena kuwa ya kumbukumbu kwa sababu ya umri tu, na mlango wa 1984 hauihusu. Kuna pia swali la ilikolala. Bunduki iliyotengenezwa katika nchi ambayo Marekani imeipiga marufuku, kama China, inaweza kukubaliwa ikiwa ni ya kumbukumbu na imehifadhiwa miaka mitano ya mwisho katika nchi isiyopigwa marufuku. Na kichekesho kuliko vyote ni cha bunduki za Kimarekani zenyewe. M1 Garand iliyotengenezwa Springfield, ikapewa Korea Kusini kama msaada wa kijeshi, ina njia ngumu ya kurudi nyumbani kuliko Mosin ya Izhevsk. Mwaka 2013 serikali ya Obama ilitangaza kukataa maombi ya watu binafsi ya kuzirudisha silaha za aina hiyo, ikayaachia makumbusho nafasi ndogo.

Kwa bunduki zinazomimina risasi mfululizo, umri hausaidii kitu. MP40 ya 1943 ina zaidi ya miaka 50, lakini kama haikuandikishwa chini ya sheria ya Marekani ya 1934 ni haramu, iwe ya babu au ya jenerali. Serikali ilitoa msamaha wa kuandikisha mwezi mmoja tu, Novemba 2 hadi Desemba 1, 1968. Aliyekuwa na yake darini siku hizo na asijue, wajukuu wamerithi jinai.

Uhabeshi ni jirani yetu, na pale mtu anajifunza kwamba asili inaweza kupimwa kwa hoja tu. Katika miaka ya karibuni shehena za silaha za zamani zimetoka Ethiopia kwenda Marekani, na ndani yake zimo Vetterli za Kiitalia za mfano wa 1870 uliobadilishwa 1887. Kila muuzaji anataka yake iwe ya Adwa, ambako Menelik aliwavunja Waitalia Machi 1, 1896. Wahabeshi wenyewe huiandika Yekatit 23, 1888, kwa kuwa kalenda yao iko nyuma ya yetu kwa miaka saba au minane. Juu ya mtutu kumeandikwa, tuseme, Torino 1884. Mwaka unakubali. Lakini Italia ilikuwa imempa Menelik bunduki kabla ya kugombana naye, na baada ya Adwa iliendelea kuwapa askari wake wa Eritrea Vetterli kwa miongo kadhaa. Kuwepo Ethiopia peke yake hakuthibitishi chochote.

Tazama kipenyo. Vetterli ya asili ni ya milimita 10.4. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, Italia ilipungukiwa silaha ikazibadilisha nyingi ziwe za milimita 6.5 kwa kutia bomba jipya ndani ya mtutu wa zamani, na kazi hiyo ilifanyika Italia. Basi Vetterli yenye 6.5 ilikuwa Italia mwaka 1916 au karibu na hapo. Haiwezi kuwa ilibaki mikononi mwa Wahabeshi tangu Adwa. Ikiwa na herufi AOI kwenye mti, yaani Afrika Mashariki ya Italia, umeongeza ushahidi kwamba ilitumika chini ya utawala ulioundwa 1936. Kisheria, huko Marekani, hayo yote hayabadilishi kitu: chuma cha 1884 ni cha kale. Carcano ya Kiitalia ya 1938 iliyotoka kasha lilelile inadaiwa fomu na michoro. Na ile Vetterli iliyobadilishwa, sheria ikiitazama kama pambo, mwenyewe naye aiache iwe pambo, maana risiva yake haikuundwa kwa nguvu ya risasi za 6.5.

Za kughushi zina nchi yake. Darra Adam Khel, huko Pakistani, mafundi wametengeneza Martini-Henry na Lee-Enfield kwa mikono kwa zaidi ya karne, na mihuri wameinakili pamoja na bunduki. Aliyeinakili hakuwa akisoma Kiingereza, ndiyo maana herufi N hugeuka nyuma. Taji la VR, la Malkia Victoria, hukutwa juu ya mwaka ambao malkia ameshazikwa. Alifariki Januari 1901. Askari wa Marekani waliokuwa Afghanistan waliruhusiwa kurudi na bunduki za kabla ya 1899 zikithibitishwa, na sokoni wakakutana na wauzaji waliojua mwaka upi wa kugonga. Huku kwetu hatari ni ndogo na ya kistaarabu zaidi: Mauser 71 ya kawaida hugongwa Sch. D.O.A., herufi za Schutztruppe ya Afrika Mashariki ya Kijerumani, ikapanda bei. Angalia kama kingo za herufi zimelika sawa na mikwaruzo inayozizunguka. Chuma kilichobebwa na askari kutoka Tanga mpaka Mahenge hakibaki na herufi kali.

Pwani yetu ilikuwa na sheria za aina hii kabla ya wengi wanaotufundisha. Mkataba wa 1833 baina ya Sayyid Said na Marekani, uliofanywa na mjumbe wa Marekani Edmund Roberts, ulisema bunduki, baruti na risasi katika kisiwa cha Unguja viuzwe kwa serikali tu, huku katika bandari nyingine za Sultani vikiuzwa bila kizuizi. Mfanyabiashara wa Kimarekani kutoka Salem akishusha kasha moja la bunduki, nusu Unguja na nusu Kilwa, alikuwa na bidhaa mbili tofauti kisheria. Mwaka 1890 Mkataba wa Brussels ukachora mistari ya latitudo, nyuzi 20 kaskazini mpaka 22 kusini, ukazuia humo bunduki za kisasa kwa watu wa kawaida na kuruhusu, kwa masharti, za gumegume zisizo na mifereji ndani ya mtutu pamoja na baruti duni ya biashara. Gobore likabaki mikononi mwa Mwafrika kwa sababu wakubwa waliona halitawasumbua. Ukikutana leo na gobore la Liège huko Tabora au Kitui, uwezekano mkubwa ni kwamba lilifika kwa njia hiyo.

Siku hizi gobore hilo linasimama mbele ya sheria mbili kwa wakati mmoja. Ya kwanza ni ya silaha: Sura ya 114 nchini Kenya, na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015 Tanzania. Nyuma yake kuna Itifaki ya Umoja wa Mataifa ya 2001, inayoziachia nchi zitaje zenyewe bunduki za kale ni zipi lakini inakataza katakata kuiita ya kale iliyotengenezwa baada ya 1899, na Itifaki ya Nairobi ya 2004 inayotaka silaha ziwekewe alama na kumbukumbu. Ya pili ni ya mambo ya kale, nayo husahauliwa kabisa na wanunuzi wa kigeni. Sheria ya Makumbusho na Urithi ya Kenya ya 2006 inakiita kitu cha kale kile kinachohamishika kilichotengenezwa Kenya, au kuingizwa Kenya, kabla ya 1895. Kuingizwa. Bunduki ya Birmingham iliyoshuka Mombasa 1880 ni urithi wa Kenya, na haitoki nje bila kibali hata mnunuzi wa London akiwa na hati za kwao zote. Tanzania, katika Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, imeweka mstari kwenye utengenezaji, kabla ya 1863. Kwa hiyo upande mmoja wa mpaka wa Namanga unatafuta ushahidi wa kiwanda, na upande wa pili unatafuta ushahidi wa bandari: hati ya meli, picha ya ukoo, daftari la misheni.

Familia iliyorithi kitu cha namna hiyo ianzie polisi, kwa maandishi, na silaha ibaki ilipo mpaka waje au watoe maelekezo. Kuibeba kwenye basi kwenda kuuliza kama ni halali ni njia ya kukamatwa ukiwa na nia njema. Vipindi vya kusalimisha silaha kwa hiari vinasaidia, ila uombe risiti na utaje mapema kwamba huenda ni kitu cha makumbusho, kwa sababu zinazosalimishwa mara nyingi huishia kuteketezwa, na moto hauulizi kama taji liko juu ya ELG au halipo. Piga picha kila muhuri, chini ya mtutu ikiwa umeshavuliwa, kwenye mti, kwenye skrubu. Tumia mwanga wa pembeni, kitambaa na mafuta kidogo. Msasa usiusogeze kabisa.